Kalamu Kwenye Nywele

Kila alipokuja kijijini Msangano, yule mama wa utafiti aliacha pikipiki mbali, akaingia uani kwa Rosemary kwa miguu, fomu zake kazifunga ndani ya kitenge. Rosemary alikuwa ameshamkatalia mara mbili. Watu wa fomu huja na mwenyekiti wa kijiji, na wakija na mwenyekiti, mifugo lazima ihesabiwe. Huyu alikuja peke yake. Alisalimia, akavuta kigoda, akaanza kumsaidia Rosemary kubangua karanga kwa vidole vyake vinene, akisifia mvua na kuulizia watoto kwa sauti ya mtu asiye na haraka. Kalamu aliichomeka kwenye nywele, na Rosemary hakuwahi kumwona akiichomoa.

Mara ya tatu Rosemary alishindwa kuvumilia. “Na ng’ombe zetu utaziandika?”

“Sikuja kwa ng’ombe, dada. Nimekuja kusikia ulivyojifungua. Hata ukikataa, karanga hizi tutazimaliza.”

Rosemary alilitazama lundo la maganda. Kisha akainuka, akaenda kwenye uzio wa miiba, akapaza sauti: “Mama Luhaga! Waite na wenzako. Kuna mtu anataka kujua tulivyojifungulia njiani tukienda zahanati.”

Ndipo kalamu ikatoka kwenye nywele.