Gauni la Hijazi na Baba Zetu Langoni

Mwezi uliopita nilikuwa Jidda, nikakatiza mji wa zamani, nikaliona nyuma ya kioo cha duka: gauni la biharusi wa Hijazi, lulu na nyuzi za dhahabu mpaka kitambaa hakionekani. Nilicheka peke yangu. Wewe ungelitazama ukapita. Mimi niliwahi kulivaa la namna hiyo, na mabega yangu hayajasahau.

Ilikuwa ile miaka ya mageuzi ya Saudia, kila wiki na jipya lake: mara sinema, mara wanawake wameshika usukani wa gari. Tulikaa Al-Nuzha, mtaa wa hapo Jidda, mama akiwa muuguzi. Baba alikuwa mhasibu Riyadh, akija kwa basi mwisho wa wiki. Shule yetu ya wasichana ikatangaza kwamba safari hii hata akina baba wanakaribishwa kwenye sherehe. Niliruka mpaka nikagonga meza! Baba yangu hakuwahi kuniona jukwaani. Siku zote alisubiri nje, maana wanaume hawakuruhusiwa kuingia.

Mwalimu wa historia alitaka tuvae mavazi ya watu wa dola ya zamani ya Waturuki. Huyu Mkurdi na kilemba cha shanga, yule Mshami na joho la milia, mwingine Mgiriki na kizibao kilichotariziwa. Gauni la Hijazi, la marehemu bibi yake jirani yetu, likaniangukia mimi, Mzanzibari pekee, kwa sababu ya urefu wangu.

"Utaanguka kama kabati!" wenzangu walinitania.

Jirani alinivalisha, nguo inanukia udi, akanieleza kwamba zamani biharusi alishikwa huku na huku, hakutembea peke yake. Mama akanilisha mkate wa ufuta. "Kula. Mzigo huo haubebwi na njaa."

Nikachungulia ukumbini. Akina mama wamejaa. Viti vya akina baba, vitupu vyote.

"Baba yuko wapi?"

"Nimempigia," mama akasema. "Yuko langoni."

Nikatoka na gauni langu, wenzangu wawili wakinikimbilia kunishika. Akina baba walikuwa wamejipanga ukutani kama kawaida yao, kadi za mwaliko mikononi. Mlinzi, Mkenya mmoja mcheshi, akainua mikono. "Hawa wazee nimewaambia waingie mpaka nimechoka! Kila mtu anangoja mwenzake!"

"Baba, ingia."

"Mwanangu, mbona hakuna aliyeingia?"

"Ndiyo uingie wewe! Yalla, baba, nguo nzito!"

Akacheka, akanishika mkono, akavuka lango kwa mguu wa kulia kama anayeingia msikitini. Nyuma yetu nikasikia kandambili zikiburuzika, moja, kisha nyingine, kisha zote.

Safari hii ya mwezi uliopita nilipita pale shuleni pia. Sherehe ya mwaka huu ilikuwa imekwisha, akina baba wakitoka na mabinti zao, mmoja akilalamika kwamba imekuwa ndefu mno. Nikasimama kumtazama mpaka akapanda gari. Kule ukutani hapakuwa na mtu.