Mtoto Aliyebeba Jina la Urbain

Shemeji yangu Godelieve alikuwa mtu wa kushikana mikono. Akiuza ndagala, dagaa wa ziwani, sokoni Kalemie alimsalimia hata aliyepita bila kununua, na mkono hakuuachia mpaka apewe habari za mke, za watoto na za mguu unaouma. Kaka yangu Urbain, mumewe, mpakuzi wa mizigo bandarini, alimtania kwamba siku moja atarudi nyumbani na mkono wa mtu.

Mwaka wa sabini na nane kipindupindu kiliingia mjini, na Urbain akafa kwa siku moja. Watu wa usafi walimnyunyizia dawa wakamzika, ndugu wakizuiwa kusogea. Matanga yalikatazwa, hata kanisani watu waliacha kupeana mikono. Mimi nilikuwa Kongolo nikifanya kazi ya reli, nikapata habari kwa barua. Niliichukia barua ile, na bado naichukia.

Mwezi uliofuata binti yao Christiane alijifungua mtoto wa kiume, akapewa jina la marehemu. Godelieve akabadilika. Aliweka ndoo ya maji na sabuni mlangoni, na kila aliyefika alinawa kwanza. Mtoto hakushikwa na mtu ila yeye na mama yake.

"Huyu njo bwana yangu," alisema, yaani ndiye mumewe. "Wa kwanza walimuchukua bila kuniuliza. Huyu hapana."

Kiangazi kile vumbi lilikuja na upepo wa ziwa ulikuja, lakini mafua ya kila mwaka hayakuja. Watoto wa mtaa mzima walilala bila kukohoa. Godelieve aliisifu ndoo yake kama mtu anayesifu mbuzi wake.

Mwaka uliofuata ugonjwa ulitulia, mikusanyiko ikaruhusiwa, na ukoo ukaamua kumlilia Urbain inavyopaswa. Nilishuka kwenye treni na mafua niliyoyapata ndani ya behewa. Mafua tu, nani aliwahi kuyajali?

Katika ukoo wetu, siku ya matanga mtoto mwenye jina la marehemu hupitishwa mkono kwa mkono, ili kila ndugu amsalimie aliyekwenda. Godelieve alimkumbatia mtoto, akatuomba tusalimie kwa mbali. Wazee walinung'unika. Mimi nilikasirika, nikasema mbele ya watu wote:

"Mama Godelieve, kaka yangu alizikwa kama mutu asiye na ndugu. Na leo unatunyima tena?"

Aliniangalia sana. "Unakohoa, shemeji?"

"Ni vumbi ya treni."

Akanipa mtoto. Nilimshika mchana mzima, nikamweleza yote ambayo sikuwahi kumwambia kaka yangu, naye akichezea vifungo vya shati langu. Nilifurahi siku ile, siwezi kudanganya.

Siku ya nne mtoto alishikwa na homa, akawa anahema haraka haraka. Tulimkimbiza kwenye zahanati, tukakuta watoto wa umri wake wamejaa mpaka barazani. Muuguzi, Papa Déogratias, alikuwa amechoka kabisa.

"Mwaka jana tulijifungia, mafua ikabaki inje," alisema. "Hawa watoto hawakuijua hata siku moja. Sasa imewakuta wote pamoja."

Christiane akamwuliza kama basi ile ndoo ilikuwa kosa.

"Hapana, mama. Ndoo ilimulinda. Kosa ni kuisahau wakati mutu anakohoa."

Mimi nilikuwa nimesimama pale pale. Nilitazama sakafu.

Urbain mdogo alikufa asubuhi, mgongoni mwa bibi yake, tukiwa bado tunangoja dawa. Tulimzika sisi wenyewe, na watu walifurika makaburini. Baada ya kaburi kufukiwa, Godelieve alinijia, akaushika mkono wangu kwa mikono yake miwili kama zamani.

"Aksanti, shemeji," alisema. "Ulimushika kuliko wote. Angalau huyu alisalimiwa."

Nilitaka kumwambia. Nilifungua kinywa, kikohozi kikanibana, nikageukia pembeni. Akanipigapiga mgongoni, akasema vumbi ya huku makaburini ni mbaya.