Karabai Yangu Ufukweni Ras al Hadd

Nilitoka kwetu Ibra, Oman, kwa sababu moja: mkwe wangu Salim alihitaji mkalimani, na wa bure nilikuwa mimi. Salim, aliyemuoa binti yangu mkubwa, ni mlinzi wa kasa katika ufukwe mmoja karibu na Ras al Hadd, upande wa Sur. Kasa mmoja aliyetiwa kipande cha chuma chenye namba hapo kwake alikuja kunaswa katika wavu Pemba. Bwana Faki, mlinzi wa pwani ya huko, alimfungua akapeleka namba ile kwa wakubwa wake. Hivyo nchi mbili zikajuana, na nyingine zikafuata. Sasa ulitafutwa ufukwe mmoja wa kufundishia walinzi wa nchi zote hizo, na Salim aliutaka uwe wake. Wageni walikuwa wanakuja kuukagua. Faki hajui Kiarabu. Kiswahili cha Salim ni cha kuokota jikoni kwa mama yake. Mimi nilisoma sekondari Unguja, na Kiingereza changu hakijaoza chote.

Mke wangu, Bi Zuwena, alinikuta napakia karabai yangu ya mafuta ya taa.

"Hiyo unaipeleka wapi? Sur hakuna umeme?"

"Ufukweni hakuna. Mgeni hakai gizani."

"Basi chukua na kitanda, asije mgeni akalala chini."

Asubuhi gari lililotoka Maskati na wageni lilinipitia nyumbani. Faki alikuwa ameketi mbele.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Habari za Pemba?"

"Pemba ipo, yakhe, haijahama. Mlohama ni nyinyi."

Nyuma alikaa Bi Inga, mama mmoja kutoka nchi za barafu, aliyealikwa kuukagua ufukwe pamoja na Faki; kazi yake huko kwao ni kuhesabu walarasi. Mimi mnyama huyo nilikuwa sijapata kumsikia.

Al Qabil tulisimama kwa tende na kahawa, naye akatueleza kwa Kiingereza. Walarasi ni mnyama wa bahari, mzito kuliko ng'ombe, ana pembe mbili ndefu zinazoshuka kutoka kinywani, na masharubu mazito.

"Kama sheha wetu," alisema Faki.

Bi Inga akauliza kasema nini. Nikamwambia kasema mashaallah.

Zamani, alieleza, walarasi walipumzika juu ya mapande ya barafu yaeleayo. Siku hizi barafu inarudi nyuma, nao wanapanda nchi kavu kwa makundi makubwa, kwenye fukwe ambazo wazee wa huko hawakuzoea kuwaona. Mbwa akibweka tu, au ndege ikipita chini, kundi zima hutimkia majini na wadogo hukanyagwa wakafa. Nchi mbili zinazotazamana ng'ambo ya bahari ile, ambazo hazipendani hata kidogo, huwahesabu pamoja, kwa sababu mnyama hajui yeye ni wa nani. Na wanavijiji jirani hufunga mbwa wao na kuzima taa mpaka kundi liondoke.

"Mnyama akiwa mgeni wako," alisema, "heshima yake ni kumwachia nafasi yake."

Maneno yale niliyatafsiri vizuri sana. Niliongeza na methali zangu mbili, Faki akatikisa kichwa kwa kuridhika. Lakini yalipita ndani yangu kama maji ya falaj: yanalowesha mashamba ya watu, mfereji wenyewe hauoti kitu.

Mchana tulikula samaki Sur, na alasiri tukafika kwa Salim. Alinibusu kichwa, akaniita Ami kama wakwe wa kwetu wanavyoitwa, akatuonyesha kamba aliyoizungusha mchangani.

"Ami, shimo ile pale watoto wa kasa wanatoka, leo au kesho inshallah, kabla ya alfajiri. Mtu asipite kamba, na taa hapana."

Nikasema sawa. Nilikuwa nawaza kahawa.

Kabla ya alfajiri niliamka wa kwanza. Mtu wa Ibra hamwachi mgeni afungue macho bila kahawa. Nilitandika mkeka kando ya kamba (sikuipita, Salim asije akalalamika), nikapanga dele la kahawa, halua na sinia la tende, nikatundika karabai juu ya mti na kuipiga pampu mpaka ikavuma. Mwanga ulifika hadi kwenye majabali. Nilirudi nyuma hatua kidogo kuutazama uzuri wa kazi yangu, na hapo nikahisi kitu kinanitambaa mguuni.

Walikuwa watoto wa kasa, weusi, kila mmoja mdogo kuliko kiganja. Walitoka shimoni mmoja baada ya mwingine, wakaipa bahari mgongo na kuufuata mwanga mbio hadi kwenye kahawa yangu. Nyuma yao kaa walikuwa wameshaanza kuchagua.

Salim alikuja mbio bila kofia, wageni nyuma yake. "Ami! Zima! Zima taa!"

"Mgeni hakai giz—"

"Hawa ndiyo wageni, Ami!"

Nikazima. Hakuna aliyethubutu kuinua mguu, asije akakanyaga. Tulipiga magoti sote, Bi Inga na sisi, tukipapasa mchanga. Faki alitumia kofia yake, mimi nilimwaga tende nikatumia sinia. Tuliwaweka kwenye mchanga mbichi, wakaenda wenyewe mpaka wimbi likawachukua. Si wote. Wengine kaa walitutangulia, na hao ni juu yangu.

Baada ya jua kutoka tulikaa kikao. Bi Inga aliuliza taa ile iliwekwa na nani. Salim aliinamisha kichwa, akasema kwa Kiarabu: "Ufukwe ni wangu, kosa ni langu." Mtu wa kwetu hamwaibishi baba wa mkewe mbele ya wageni, hata kama kwa kunyamaza anaupoteza ufukwe wake. Wote wakanigeukia, wakingoja tafsiri.

Nikasema kwa Kiingereza: "Anasema ni yeye. Si kweli. Ni mimi, na yeye alinikataza." Nikasema tena kwa Kiswahili, kisha kwa Kiarabu. Safari nzima nilikuwa naongeza maneno ya watu. Haya ndiyo pekee niliyoongeza yakawa ya kweli.

"Kwetu pia taa zilizimwa na wazee," alisema Bi Inga, "kwa sababu vijana wakisema, hawasikilizwi. Hapa nani atawaambia wazee?"

Wakanitazama mimi. Wageni wakampa Salim msimu mmoja wa majaribio, kwa sharti kwamba mimi nipite kila baraza ya wavuvi kueleza nilichofanya.

"Chukua na karabai," alisema Faki. "Bila ushahidi hawatakuamini, yakhe."

Karabai niliiacha kwa Salim, bila mafuta, hadi nitakaporudi kwa kazi hiyo. Nilifika Ibra baada ya magharibi nikakuta taa ya barazani imezimwa.

"Umeme umekatika?"

"Haujakatika," alisema Bi Zuwena kutoka gizani. "Salim kapiga simu. Kasema unakuja, na siku hizi unajua mgeni anavyoheshimiwa."

Alinimiminia kahawa, nusu kikombeni, nusu mkononi. Niliinywa gizani, wala sikuuliza swichi.