Jumamosi za Foni

Enzi zetu, sauti ya mtu aliye mbali tuliifuata kwa miguu na kuipangia foleni. Wenzangu wa Kenya, ule mtaa wa mji wetu wa migodi, si nchi, mnaikumbuka ile nyumba ya foni karibu na soko: chumba kimoja, betri ya gari chini ya meza, waya wa antena juu ya bati, na redio ya kupigia iliyokoroma kutwa nzima. Posta ilikuwa imekufa, migodi hailipi tena, na baba zetu walitawanyika kutafuta maisha. Wangu alikwenda Mitwaba kulima mahindi. Kule nako kulikuwa na foni, naye aliifikia kila Jumamosi.

Mama alinivalisha gauni la kanisani, utadhani Baba ataniona! Sisi watoto tulicheza nzango, ule mchezo wa kuruka na kupiga makofi, uani na kunywa munkoyo, togwa yetu ya mahindi, wakubwa wakibanana ndani. Kuongea kulikuwa na utaratibu wake: unabonyeza kitufe, unasema yako, unamalizia na "à vous", yaani zamu yako, kisha unaachia ndipo mwenzako ajibu. Siri haikuwepo. Ujauzito, ugomvi wa ndoa, mbuzi aliyepotea, foleni yote ilisikia na kutoa ushauri. Ndiyo maana Mama aliongea na mumewe kama anasoma matangazo ya parokia: "Batoto beko bazima. Ngoie anasoma muzuri. À vous." Ngoie ndiye mimi. Mapenzi hata chembe.

Kisha vita ikafika kaskazini, Mitwaba ikanyamaza. Jumamosi ya kwanza, ya pili, mpaka ya sita, fundi wa foni aliita na kuita, redio ikakoroma tu. Watu wakaanza kumtazama Mama kama mfiwa. Nyumbani alisonga bukari, ugali wetu, na kumwekea Baba sehemu yake.

Jumamosi ya saba redio ikasema: "Mama Ngoie, uko? À vous."

Mama akabonyeza kitufe, badala ya kujibu akalia. Akalia wee, kidole kimeng'ang'ania pale pale, na Baba hana pa kupenyeza hata neno. Foleni nzima ikapiga kelele: "Mama, achia! Achia, tata Ngoie aseme!" Fundi akamwondoa kidole mwenyewe.

"Niko muzima. Tulikimbilia mu pori. Usilie, à vous."

Hapo mama yangu, mwanamke wa haya, akasema mbele ya mtaa mzima: "Tata Ngoie, nakupenda sana. Rudia ku nyumba. À vous." Ee, vile vigelegele! Watu tusiojuana nao walitukumbatia.

Leo binti yangu ana simu mbili na hana subira hata kidogo. "Mama, ameona message yangu dakika tano sasa, hajajibu!" Dakika tano, jamani! Anaandika "bjr", maana bonjour nzima inamchosha. Mezani kila mtu kainamia kioo chake, na ile foleni iliyolia na kucheka nawe naikosa, sifichi.

Lakini sitawadanganya kwamba zamani kulikuwa bora. Kaka yake binti yangu anafanya biashara Mitwaba. Juzi asubuhi, nikinywa chai, jirani akaniambia kule kumechafuka tena kwa vita. Nikachukua simu, na sauti ya mwanangu ilikuwa imeshafika: "Mama, tuko bazima bote, usiogope." Nikaisikiliza mara tatu, nikilia. Mama yangu aliingoja sauti kama ile kwa Jumamosi saba. Mimi chai yangu ilikuwa bado moto.