Bawaba ya Dada Qu

Kazi ya Qu Meilan hapa Chengdu ni kuwarudisha walevi makwao kwa magari yao wenyewe, baiskeli yake ya kukunja ikiwa kwenye buti. Jioni ile alichuchumaa ngazini akaikaza nati ya bawaba ya baiskeli robo mzunguko, kisha akafuta mafuta yote kwa soksi kuukuu. Wiki iliyopita tone moja lilidondokea zulia jeupe la buti, na mteja pombe ikamtoka palepale.

"Dada Qu, si ununue mpya?" jirani yake Pang akamchokoza. "Hiyo inalalamika kuliko mama mkwe wako."

"Ninunulie basi, maana mdomo unao!"

Akaikunja, akaikunjua. Bawaba ikatii; magoti yake yakagoma. Miaka saba amewafikisha watu mlangoni kwa gari. Kwake hurudi kwa pedali.