Risasi Aliyefungwa Uani

Asubuhi, kabla ya kufungua mlango wa uani, Fundi alikuwa na mazoea ya kusimama na kutega sikio. Mnyororo ukiwa kimya, alijua Risasi amelala, au anajifanya amelala. Ukiwa unakwaruza saruji, huku na huku, huku na huku bila kupumzika, alijua siku itakuwa ndefu. Siku nyingi ulikuwa unakwaruza.

Alikuwa mshonaji wa nguo, mwanamke wa maneno machache na mikono myepesi, na mtaa mzima ulimwita Fundi tu, kana kwamba mafundi wengine wote walikuwa bado wanajifunza. Chumba cha mbele cha nyumba yake kilijaa cherehani mbili, meza ya kukatia na kioo kirefu cha wateja. Nyuma yake vilikuwepo sebule ndogo na vyumba viwili vya kulala, chake na mumewe na kile cha binti yao, aliyezaliwa kabla ya siku zake akaitwa Kiduchu, jina likamganda hata alipofika miaka minane na kuwapita wenzake kimo. Halafu ua wa saruji, mdogo kiasi kwamba ukianika mashuka mawili, kamba imekwisha.

Mbwa aliyefungwa humo alikuwa wa uzao wa kukimbia kutwa nzima.

Wazo lilikuwa la mumewe. Yeye alikuwa kinyozi, mtu wa watu, mdomo haumtulii hata mashine ikinguruma. Dukani kwake wateja walikuwa wakioneshana simu: mbwa wa Kibelgiji, mwembamba, masikio wima, uso mweusi kama aliyepakwa masizi, anaruka ukuta kama mtu anayevuka mfereji. Kila mwenye nyumba yenye geti alikuwa anatafuta wa kwake. Kinyozi hakuwa na geti, lakini siku moja alirudi na kikapu kilichofunikwa taulo la dukani.

"Mke wangu, fumba macho."

"Sifumbi. Ni kitu gani hicho kinachokoroma humo?"

Kilikuwa kitoto cha mbwa, tumbo la duara na miguu mikubwa kana kwamba si yake. Kiduchu alipiga kelele za furaha hadi jirani akachungulia. Kinyozi akampa jina la Risasi, akapiga naye picha, na kwa wiki kadhaa nyumba nzima ilicheka.

Kisha meno ya utoto yakang'oka, yakaja mengine.

Kinyozi alikuwa anatoka asubuhi. Aliyebaki na mbwa ni Fundi. Risasi alitafuna kiatu cha mteja, akatafuna mkanda wa cherehani, akachana sare ya shule iliyobaki kutiwa vishikizo tu. Ukimfukuza, alidhani mchezo ndiyo kwanza umeanza. Kilichomtisha Fundi zaidi hakikuwa uharibifu. Kilikuwa ni namna Risasi alivyomzunguka Kiduchu. Mtoto akikimbia, mbwa alimkata njia, akamdonoa kisigino kwa meno, akamsukuma kwenye kona kama anayerudisha mbuzi zizini. Hakuwa na hasira. Macho yake yalikuwa yanang'aa kwa bidii, kama mtu aliyepewa kazi na anaifanya. Lakini Kiduchu alianza kupita sebuleni juu ya viti, kutoka kiti hadi kiti, miguu isiguse sakafu, na alifanya hivyo kimya kimya, kama jambo la kawaida.

"Baba Kiduchu," Fundi alimwambia mumewe, "huyu mbwa hatumwezi."

"Anataka adabu tu. Akikua atatulia."

Hakutulia. Kinyozi alipompigia simu aliyemuuzia, aliambiwa ampe muda. Alipopiga tena, simu ikaita weee mpaka ikakatika. Basi akanunua mnyororo na kupigilia pete ukutani. Tangu siku hiyo alianza kutoka mapema na kurudi amechelewa, na kila akirudi alisimama kizingitini akauliza kwa mzaha, "Mkuu wa ulinzi amefungwa?" Fundi alicheka mara ya kwanza. Baadaye aliitikia tu, "Amefungwa," akaendelea kupiga pasi.

Kuna jambo ambalo hakumwambia mtu. Alimpenda yule mbwa. Wakati fulani, kazi ilipokuwa chache, alikuwa amekusanya vipande vya vitambaa akavifunga kuwa mpira, na kila mchana alitoka uani akamrushia. Risasi aliudaka hewani, akaurudisha, akauweka juu ya kiatu chake na kumtazama usoni, anasubiri neno lake. Hakuna kiumbe kilichowahi kumtazama hivyo. Halafu msimu wa sare ukaingia, nguo zikajaa hadi kwenye kitanda, na ule muda wa mchana ukaliwa na cherehani. Risasi akabaki anazunguka kwenye mnyororo wake, anabweka, anaruka, anajizonga, anajizongoa.

Siku mambo yalipoharibika ilikuwa ya likizo ya shule. Kiduchu alikuwa kwa shangazi yake. Fundi alikuwa amepiga magoti mbele ya mteja, akibana pindo la gauni, pini tatu kati ya midomo, ndipo alipogundua kuwa mnyororo umenyamaza. Alitega sikio. Akasikia makucha yakiparua pipa la maji, kisha kishindo upande wa pili wa ukuta. Kisha kengele ya baiskeli ya mtoto, inalia mfululizo.

Alitema pini mkononi, akazimwaga mezani, akatoka mbio.

Barabarani, mtoto wa jirani yao muuza mitungi ya gesi alikuwa juu ya kibaiskeli chake akinyonga kwa nguvu zake zote. Alikuwa na miaka mitano. Risasi alikuwa anamzunguka, kipande cha mnyororo kinaburuzika nyuma yake, tumbo liko karibu na ardhi. Kadiri mtoto alivyokimbia, ndivyo mbwa alivyozidi kuwaka.

"Simama!" Fundi alipaza sauti. "Mwanangu, simama, usikimbie!"

Mtoto hakusimama; nani angesimama? Gurudumu likagonga jiwe, akaanguka, na kabla hajainuka Risasi alikwisha mkamata mguu wa suruali na kuanza kumburuta kuelekea ukutani. Mtoto alipiga ukelele.

Muuza gesi akatoka dukani. Alikuwa pande la mtu, na mkononi alikuwa na bomba la chuma.

Fundi hakufikiri. Alijitupa, akashika ukanda wa shingoni na kuvuta. Risasi akageuka kwa kasi bila kuangalia ni nani, na meno yakazama kwenye mkono wake wa kulia, chini ya kidole gumba. Papo hapo akaachia. Masikio yakalala, mkia ukaingia katikati ya miguu. Alikuwa amemtambua.

Fundi aliuficha ule mkono wenye jeraha katika mfuko wa aproni. Kwa mkono wa kushoto akamkandamiza mbwa chini, akamfunika kwa mwili wake.

"Ondoka hapo, Fundi," alisema muuza gesi.

"Mwangalie mtoto kwanza."

"Nimesema ondoka!"

"Ndugu yangu, mwangalie mwanao. Mkunjie suruali. Ukikuta jino hata moja limeingia, nitasogea mwenyewe. Wala sitakuzuia."

Hakuwa na hakika na alichokisema. Alikuwa ameona meno na kitambaa. Kati ya hivyo viwili hakujua kuna nini. Muuza gesi alisita, bomba juu, kisha akapiga goti moja na kukunja suruali ya mwanawe polepole, kama anayeogopa kujua. Watu walikuwa wamejaa. Ndani ya mfuko, Fundi alihisi damu ya moto inajaa kwenye vidole vyake. Chini yake moyo wa mbwa ulikuwa unadunda kuliko wake.

Goti lilikuwa limechubuka kwa kuanguka. Mguuni palikuwa na mstari mwekundu, mwembamba. Hapakuwa na tundu la jino.

Muuza gesi alimbeba mwanawe. Kisha akaona matone chini.

"Hiyo damu ya nani?"

"Yangu. Nimejichoma na mkasi nikitoka mbio."

Muuza gesi alimwelekezea mbwa lile bomba. "Leo," alisema. "Aondoke leo. Akilala hapa, kesho sitakuuliza."

Fundi alimrudisha Risasi uani, akafunga tena mnyororo kwenye pete. Mteja, gauni bado limejaa pini, ndiye aliyemkuta kwenye bomba la maji, mkono chini ya maji, uso umekauka. Alimsafisha kwa sabuni, akamfunga kwa kitambaa cha bitana, akampeleka zahanati. Pale muuguzi alimuuliza swali moja tu la maana.

"Mbwa amechanjwa?"

"Ndiyo, mume wangu alimpeleka." Kisha akasita. "Ngoja nimpigie."

Kinyozi alipokea akiwa katikati ya kicheko. Alipoulizwa, kicheko kikakatika. Fundi alisikia mashine ya kunyolea ikizimwa.

"Baba Kiduchu, nakuuliza. Alichanjwa?"

"Nilisema nitampeleka."

"Ulisema ulimpeleka."

Kisha sauti ya mumewe ikaja ndogo, sauti ambayo hakuwahi kuisikia katika miaka yote ya ndoa. "Nilishindwa kumtoa uani, Mama Kiduchu. Namwogopa. Namwogopa tangu alipoota yale meno. Ningewaambiaje watu? Ningekuambiaje wewe?"

Fundi alikata simu, akatazama mkono wake, na wakati ule ndipo alipoukumbuka ule mstari mwekundu kwenye mguu wa mtoto. Ungeweza kuwa wa baiskeli. Ungeweza kuwa wa jino. Na yeye alikuwa amemwambia baba wa mtoto habari ya mkasi.

Alipochomwa sindano ya kwanza hakurudi nyumbani. Alikwenda moja kwa moja kwenye duka la gesi. Muuza gesi alikuwa anapanga mitungi. Aliuona mkono uliofungwa bandeji.

"Nilikudanganya," Fundi alisema. "Ni yeye aliyening'ata. Na hajachanjwa. Mwoshe mtoto ule mguu kwa sabuni na maji mengi, umpeleke zahanati sasa hivi. Wanakusubiri, nimeshawaambia."

Mtungi ulitua chini kwa kishindo. Alimsogelea hadi Fundi akanusa harufu ya gesi kwenye shati lake.

"Na kama usingekuja?"

"Nimekuja."

"Nimekuuliza, na kama usingekuja?"

Muuza gesi alimpita, akamwita mkewe kwa sauti iliyopasuka, na muda mfupi baadaye alipita barabarani mtoto begani, anakimbia.

Jioni ile daktari wa mifugo alikuja na kizimba cha waya kumchukua Risasi akae chini ya uangalizi. Hakuna aliyeweza kumwingiza ila Fundi. Kinyozi alisimama mlangoni, jasho linamtoka, na kwa mara ya kwanza hakufanya mzaha. Mbwa alipokwisha kuingia, alisema, "Nipige, kama unataka."

"Nikupige ili iweje? Kamchukue mtoto kwa dada yako. Na ukifika, umweleze wewe mwenyewe."

Siku za uangalizi zilikuwa mbaya. Fundi hakuweza kushika mkasi. Aliamka akifikiria kichaa cha mbwa, kwa mtoto wa jirani kuliko kwake mwenyewe. Alimwona akicheza nyuma ya kidirisha cha duka, akahesabu hiyo kuwa habari njema, kesho yake akaanza upya kuogopa. Daktari aliposema kuwa mbwa ni mzima kabisa, Fundi alikaa chini kwenye ngazi za nyumba na kulia hadi Kiduchu akamletea maji.

Lakini kuwa mzima hakukuwa na maana kwamba arudi. Daktari aliwapeleka kwa mwanamke mmoja, mwanajeshi mstaafu aliyefundisha mbwa wa kulinda maghala nje ya mji. Yule mama aliwasikiliza mume na mke bila kuwakatiza, akamfungulia Risasi kwenye uwanja wa nyasi. Alimkimbiza, akamficha mpira, akamtafutisha, akampandisha mbao na kumshusha, jua likapanda. Mwishowe Risasi alikuja, akajilaza miguuni pao, ulimi nje, akafumba macho. Fundi hakuwahi kumwona amelala hivyo.

"Ana ubaya gani?" Kinyozi aliuliza.

"Hana ubaya. Ana kazi nyingi ndani yake na hakupewa hata moja. Mnaweza kuwa naye. Mtamkimbiza hivi kila siku, mvua au jua, na mtamfundisha kila siku, miaka kumi na kitu. Mnaweza?"

Kinyozi alimtazama mkewe. Fundi alifikiria cherehani mbili, ua wa saruji, binti anayetembea juu ya viti. Alijaribu kusema ndiyo.

"Hatuwezi," alisema.

Walimwacha. Nyumbani, Kinyozi alichukua nyundo akang'oa ile pete ukutani, na dukani kwake, wateja walipomuuliza mbwa yuko wapi, aliwaambia ukweli, hata ule wa kuogopa. Wengine walicheka. Mmoja hakucheka, alibaki baada ya kunyolewa, akauliza kwa sauti ya chini namba ya yule mama wa maghala.

Muuza gesi hakuwasalimia kwa miezi. Aliongeza safu za tofali kwenye ukuta wake. Kisha siku moja mkewe alileta sare ya mtoto ipunguzwe, akasema tu, "Anaanza shule," na Fundi akaipokea. Kidole gumba hakikurudi kukunjika chote, lakini alikwisha jifunza kusukuma kitambaa kwa kiganja.

Waliporuhusiwa kwenda kumwona Risasi, Kiduchu alisimama nyuma ya baba yake. Mbwa alikuja mbio, akamnusa Fundi mkono, kiganjani, chini ya kidole, akaulamba. Akamtazama usoni. Kisha filimbi ikalia upande wa maghala, na masikio yakageuka kabla ya kichwa.

"Ametusahau?" Kiduchu aliuliza, mbwa alipokwisha ondoka.

"Hajatusahau. Ameitwa kazini."

Kiduchu alilifikiria hilo. Kisha akauachia mkono wa baba yake na kutangulia mbele peke yake kwenye nyasi, kwanza taratibu, halafu mbio.