Mitume Walionyolewa Vizuri

Mdogo wangu amechora vichwa vya kinyozi tangu hajaota ndevu. Ukiona ukuta wa kinyozi una vichwa vimepangwa safu, kila kimoja na namba yake ili mteja anyooshe kidole tu, ujue huo ni mkono wake. Mstari wa denge, ule unaotenga nywele za utosini na kisogo kilichonyolewa, anaupiga kwa brashi nyembamba huku amezuia pumzi. Akimaliza anarudi nyuma, anajisonya mwenyewe, anaanza upya. Hajaoa. Anasema hakuna mwanamke atakayelala na harufu ile ya rangi.

Kanisa letu likampa ukuta wa nyuma ya mimbari achore Petro akizama ziwani. Alifurahi hadi akasahau kula. Maisha yake yote alitaka kitu kimoja: achore picha ambayo mtu ataitazama asikumbuke kunyoa.

Jumamosi asubuhi akaniita nikaione, maana mimi ndiye ninayefagia kanisa. Nikaingia, nikatazama juu, nikaketi chini na ufagio wangu. Mashua imejaa mitume, wote wametazama kando, shingo zimenyooka, visogo vimechongwa. Yohana ana denge. Tomaso ana panki. Na chini ya kila mmoja, Mungu anisamehe, namba.

"Huyu Andrea namba nne," nikasema, "anangoja zamu?"

"Mkono umezoea, dada! Namba nitazifuta. Lakini picha je? Mchungaji kasema Bwana anibariki. Mwalimu wa kwaya naye kasema Bwana anibariki."

"Hata yule mwimbaji wao wanamwambia hivyo hivyo."

Alicheka mpaka akashika ngazi. Mwimbaji huyo ndiye aliyenichukulia mume. Sauti yake ni ya mlango usiotiwa mafuta, lakini kwa kuwa anaimba habari za Yesu, watu hufumba macho na kuitikia amina. Nilipopeleka kilio changu kwa wazee wa kanisa, mimi niliambiwa niombe. Mume wangu akapewa kipaza sauti asome matangazo.

"Basi niambie wewe," akasema, na kicheko kikamwisha. "Nzuri au mbaya?"

"Maji mazuri, hata miguu yangu imeingia baridi. Petro mbaya. Mtu anazama, nywele zimekaa kama anakwenda harusini! Haogopi. Kama haogopi, Yesu kamnyooshea mkono wa nini?"

Akachovya brashi kwenye rangi nyeupe, akamfuta Petro uso mzima. Ndipo mchungaji akaingia.

"Ndugu! Ibada si kesho? Ile ilitosha, ni kazi ya Mungu!"

"Baba mchungaji, kinyozi nikimpelekea kichwa kibovu ananirudishia. Mungu ndiye wa kupelekewa kibovu?"

Mchungaji akanitazama mimi, kana kwamba ndiye niliyeshika brashi, akatoka. Mdogo wangu akanivuta kwenye mwanga wa dirisha.

"Dada, fanya ule uso wa siku shemeji alipobeba godoro kuhamia kwa yule mwimbaji."

Nikajaribu. Nikalikumbuka godoro lile, lilivyomkwama mlangoni, akalikunja, likamfumukia usoni, likamtupa chali uani. Miaka sita sikuwahi kuona kuwa lilichekesha. Kicheko kikanitoka pamoja na machozi na kamasi, kitambaa cha kichwa kikaanguka.

"Hapo hapo! Usijifute! Lia! Cheka! Lia tena!" Brashi yake ilikuwa tayari kwenye uso wa Petro.

Kesho yake watu waliingia wakipiga soga, wakafika katikati ya kanisa, wakasimama wakiutazama ukuta. Hakuna aliyetoa baraka. Mume wangu akasimama na karatasi yake ya matangazo, akatupia jicho ukutani, akautafuta mstari aliokuwa akisoma, asiuone. Mama mmoja shemasi, mwenye kiuno kibovu, akainuka benchi la mbele bila kushikwa.

"Si amshike mkono, jamani!" akapaza sauti. "Mtu anazama!"

Nikamtafuta mdogo wangu. Alikuwa nyuma ya spika, kaziba mdomo kwa mikono miwili, mabega yanatikisika.